Kuafikiana Kabla ya Kutoa Pesa: Mwongozo wa Maamuzi ya Biashara kwa Vikundi

Kikundi kinachokopa kwa dhamana ya wanachama wenyewe kina tatizo ambalo kura haiwezi kulitatua. Watu 9 wakisema ndiyo na 6 wakisema hapana, ndiyo imeshinda. Lakini siku mkopo ukikwama, wale 6 watalipa sawasawa na wale 9. Hapo ndipo vikundi vingi huku kwetu huvunjika, kuanzia fuo za Kisumu hadi mashamba ya viazi ya Molo. Walioshindwa kwenye kura hawasemi kitu siku ile. Wanaanza kuchelewesha mchango, halafu hawashiki simu, halafu unasikia wamefungua kikundi chao.

Kura ina mahali pake. Rangi ya leso za sherehe, tarehe ya mkutano ujao, nani apike siku ya wageni: pigeni kura mwende nyumbani, wengi wape. Uamuzi unaotaka mfuko, mikono au utiifu wa kila mtu baadaye ndio unaohitaji maafikiano. Chukua suala la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini kila mkulima wa Nakuru anajua jinsi dalali anavyoomba kilemba juu ya gunia. Kikundi kikipiga kura kwamba hakuna atakayeuza lumbesa, na wanne waliopinga wakaendelea kuuza usiku, lori litasimama kwa wale wanne na wengine mtabaki na viazi vyenu. Kanuni ya namna hiyo haina maana mpaka kila mtu aikubali kwa dhati.

Kwa hiyo tunazungumzia nini tunaposema maafikiano? Haimaanishi kila mtu amefurahi. Inamaanisha kila mtu amesikilizwa, hoja yake imejibiwa, na yuko tayari kuubeba uamuzi hata kama yeye mwenyewe angechagua lingine.

Katika mwongozo huu nitatumia kikundi cha kubuni: wanachama 15, wanawake kwa wanaume, wanaonunua omena (dagaa wa Ziwa Victoria) ufuoni Kisumu, kuianika na kuiuza soko la Kibuye kwa gorogoro (kopo la kupimia) na kwa gunia. Wana akiba ya sh 180,000. Baadhi yao wanataka kununua tuktuk ya mizigo.

1. Gawanyeni maamuzi kabla hayajafika

Kaeni siku moja ambayo hakuna ugomvi wowote mezani, mgawanye maamuzi yenu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale anayoyaamua mtu mmoja. Mweka hazina anunue daftari, amlipe kibarua, akodi usafiri wa siku moja bila kumuuliza mtu, mradi asizidi kiasi mlichopanga, tuseme sh 3,000. Kikundi kinachoitana kujadili bei ya kalamu kitachoka kabla ya kufika kwenye jambo la maana.

Fungu la pili ni la kura: uchaguzi wa viongozi, ratiba, mambo ya sherehe. Fungu la tatu ndilo la maafikiano, na liwe fupi. Mkopo wowote, kununua au kuuza mali ya kudumu, kubadilisha aina ya biashara, kupokea mwanachama mpya, na kanuni yoyote ambayo mtu ataifuata akiwa na mali yake mwenyewe mkononi.

Kuna maamuzi ambayo sheria imekwisha kuyawekea utaratibu. Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 hupitisha azimio la kawaida kwa wingi wa kura, na azimio maalumu kwa asilimia 75 au zaidi. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu moja. Vikundi vya kijamii vina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 pamoja na katiba vilizojiandikia. Maafikiano hayafuti lolote kati ya haya. Mkishaafikiana, pigeni kura inayotakiwa na muiandike. Itachukua dakika moja, kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha fanyika.

2. Andikeni mtafanya nini mkishindwa

Hili huachwa kwa sababu linaonekana kama kujitabiria mabaya. Liandikeni mapema, wakati hakuna anayejua litamfaidi nani.

Bila njia ya kutokea, mtu mmoja akikataa basi mambo yanabaki yalivyo, na kukataa ni rahisi kuliko kupendekeza. Mtashangaa jinsi mwanachama mmoja asiyelipa hata mchango kwa wakati anavyogeuka kuwa mfalme. Lakini njia hiyo ikiwa rahisi mno, wenye wingi watakaa wakitazama saa, wakingoja majadiliano yaishe wapige kura yao.

Mimi naona hivi: mikutano miwili kamili, isiyokaribiana kuliko siku saba, kisha kura ya robo tatu ya wanachama wote, si ya waliohudhuria tu. Kwa wanachama 15 hiyo ni watu 12. Kuhusu mkopo ongezeni sharti moja: aliyekataa mpaka mwisho hawekwi kuwa mdhamini wa mkopo huo, na hapati gawio la kile kilichonunuliwa nao. Na mkopeshaji akisisitiza kwamba lazima wanachama wote watie sahihi, basi robo tatu yenu haifiki popote. Hamna mkopo mpaka huyo mmoja aafiki kwa hiari, na kumsukuma atie sahihi mbele ya ofisa wa mikopo ni kutafuta kesi.

3. Andika swali kabla ya kuandika jibu

Pendekezo la tuktuk lilivyoletwa kwenye kikundi chetu ni hili: "Tununue tuktuk?" Ukiuliza hivyo umeshawagawa watu kabla hawajakaa. Wapo wa tuktuk na wapo wa kupinga tuktuk, na kila mmoja atatetea upande wake mpaka jioni.

Rudi nyuma uulize tuktuk ingetatua nini. Wenye pendekezo wanasema omena inafika sokoni imechelewa, wakati mwingine imepata maji njiani, na bei inashuka. Basi swali ni: tufanyeje ili omena yetu ifike Kibuye ikiwa kavu na mapema? Swali hili linaruhusu tuktuk, lakini linaruhusu na mambo mengine.

Katibu aliandike kwenye ukurasa mmoja. Swali, hali ilivyo sasa kwa hesabu, njia mbili au tatu zinazowezekana, gharama ya kila njia, na kila mwanachama atadaiwa kiasi gani mambo yakiharibika. Mstari huo wa mwisho ndio unaosomwa zaidi, kwa hiyo usiufiche chini. Kwetu hapa, tuseme tuktuk ni sh 450,000. Akiba 180,000 ikiingia yote, mkopo ni 270,000, na deni la kila mtu ni 18,000. Mtu anayefikiria "kikundi kinakopa" huwaza tofauti kabisa akiona "wewe unakopa elfu kumi na nane".

Utume ukurasa huo wiki moja kabla. Kwenye WhatsApp weka picha yake na sauti ya katibu akiusoma, kwa sababu wapo wasioona vizuri na wapo wasiopenda kusoma. Wenye kabambe, simu zisizo na WhatsApp, wapelekewe karatasi au wapigiwe simu. Mwanachama anayeambiwa jambo la sh 450,000 kwa mara ya kwanza akiwa ameketi mkutanoni atasema "nifikirie kwanza", na atakuwa na haki.

4. Zungukeni nyumba kwa nyumba

Kama una nafasi ya kufuata hatua moja tu ya mwongozo huu, fuata hii. Vikundi vinavyoafikiana kwa urahisi mkutanoni kwa kawaida vimekwisha kuafikiana nje ya mkutano, barabarani, chini ya miembe, mtu akichambua omena.

Kwenye vikundi vyetu watu hawakutani kama wageni. Mama mkwe na mke wa mwanawe wako kikundi kimoja. Mwalimu mstaafu yumo pamoja na kijana aliyemfundisha darasa la nne. Binti hatampinga mama mkwe wake mbele ya watu kuhusu pesa, hata ajue kwamba hesabu haikai. Atanyamaza, au atasema "mimi niko na mama". Ukihesabu hiyo kama ndiyo, umejidanganya.

Chagueni watu wawili, mmoja anayependa pendekezo na mmoja mwenye mashaka nalo, wapite kwa kila mwanachama. Wakienda wawili wa aina hiyo hawawezi kupiga kampeni. Waulize mambo matatu: umelielewaje jambo hili, kitu gani kinakutia wasiwasi, na kitu gani ungependa kisemwe mkutanoni bila jina lako kutajwa? Hilo la tatu ndilo linaloleta siri zote mezani kwa heshima. Waandike, wasibishane, wasiahidi. Wasichukue soda wala "nauli" kutoka kwa mwenye pendekezo. Kuzunguka kusikiliza na kuzunguka kununua watu hufanana sana kwa mbali, na kikundi kizima kinatazama.

Tuseme wazungukaji wetu wanarudi na orodha hii. Watu watano wanasema barabara ya kushuka ufuoni ni mbaya. Wawili wanasema hawataki deni. Mmoja anauliza nani ataendesha. Mwanamke mmoja mzee anauliza tuktuk itafanya nini kuanzia Aprili.

5. Siku, mahali na msimamizi

Mkutano wa watu wa omena usiwekwe siku za giza. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mavuno hupungua, kwa hiyo siku za mwezi mkubwa ndizo watu wana nafasi. Usiweke Jumapili pia, kwa kuwa ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Kila biashara ina kalenda yake ya namna hii. Wakulima wa viazi hawatatulia siku lori linapopakia, na bodaboda hawapatikani saa ya watoto kutoka shule. Kuweka mkutano siku mbaya ni njia ya zamani ya kupitisha jambo bila wapinzani, na watu wanaijua.

Mwenyekiti asisimamie mjadala ikiwa pendekezo ni lake, au ni la ndugu yake. Ampe kiti mtu mwingine kwa jambo hilo moja. Msimamizi hatoi maoni. Kazi yake ni kugawa nafasi ya kusema, kurudia alichosema mtu kwa maneno machache na kumuuliza kama ndivyo, na kuona nani hajasema.

Kaeni duara. Raundi ya kwanza ni ya maswali tu, hakuna anayeruhusiwa kusifu wala kuponda. Raundi ya pili kila mtu ana dakika mbili, na aanze aliye mdogo au mgeni kuliko wote, viongozi wamalizie. Mwenyekiti akianza kusema, mjadala umekwisha hata kama mtaongea saa tatu zaidi. Mtu aongee lugha anayofikiria nayo. Kama Kijaluo au Kiluhya ndicho kinachomtoka vizuri, aseme hivyo na jirani yake awatafsirie wengine. Nimeona mama aliyekuwa akijibu "sawa" kwa Kiswahili mkutano mzima akitoa hesabu ya miezi sita bila daftari alipoachwa aongee lugha yake.

Chai ije baada ya raundi ya pili, si mwishoni. Mambo mengi hulainika kwenye dakika hizo ishirini, na wabishi wawili wakitumwa pamoja kugawa mkate hurudi wakiwa wametulia. Hii haimo katika katiba ya kikundi chochote ninachokijua, lakini inafanya kazi.

6. Pingamizi ni mali ya kikundi

Baada ya chai ndipo kazi ngumu. Msimamizi ataje pingamizi moja moja, ikiwemo yale yaliyoletwa na wazungukaji bila majina, na kila moja likae mezani mpaka lijibiwe.

Angalia yale matano ya kwanza: barabara ni mbaya. Ni kweli ni mbaya, lakini tuktuk za kukodi hupita hapo kila siku. Watu watano wanaposema jambo lisilosimama, kuna jingine nyuma yake. Kwetu, lile swali la mmoja ndilo lililokuwa la wote: nani ataendesha? Wanahofia kwamba dereva atakuwa mtoto wa mwenyekiti na tuktuk itaonekana Kondele saa nne usiku ikibeba godoro za watu. Hakuna atakayesema hivyo. Msimamizi anaweza kulitoa kwa njia ya adabu: "Tukisema barabara imetengenezwa leo, nani bado ana wasiwasi?" Mikono mitano ikibaki juu, endelea kuuliza. Likishatoka linajibika: dereva atafutwe nje ya familia za wanachama, daftari la safari likaguliwe kila Ijumaa, malipo yaingie moja kwa moja kwenye M-Pesa ya kikundi na si mkononi.

Sasa swali la mama mzee kuhusu Aprili. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Wenye pendekezo walikuwa wamepiga hesabu hivi: tunakodi tuktuk mara tatu kwa wiki kwa sh 600, ni 1,800 kwa wiki, mara wiki 52 ni 93,600 tunazopoteza kwa mwaka. Toa miezi minne ya kufungwa, zinabaki kama wiki 35, na hesabu inashuka hadi 63,000. Hapo hujatoa mafuta, bima, dereva na matengenezo. Wakati huohuo marejesho ya mkopo hayajui Aprili. Kwa swali moja la mtu asiyependa kuongea, pendekezo lote limebadilika sura.

Ndiyo maana nasema pingamizi ni mali. Kwenye kura, mama huyu angehesabiwa kama "hapana" moja kati ya kumi na tano, na hakuna ambaye angemuuliza sababu.

Mtu akikataa, usimwulize "kwa nini unapinga". Atajitetea. Mwulize: "Tubadilishe nini ndipo uweze kuubeba uamuzi huu?" Akiwa na jibu, mna kazi ya kufanya. Akisema hakuna chochote kitakachomfaa, mwulize kama jambo hili litaumiza kikundi au litamuumiza yeye. Yote mawili ni halali kusemwa, ila hayana uzito sawa. Anayesema "tutashindwa kulipa, na hii hapa hesabu" anazuia kwa niaba ya wote. Anayesema "shemeji yangu anakodisha tuktuk na atakosa kazi" anahitaji kusikilizwa, lakini hawezi kuwafunga wengine 14.

Wahandisi wanaotunga kanuni za mawasiliano ya intaneti, katika jumuiya iitwayo IETF, wana mazoea yanayofanana na haya. Hawapigi kura. Wakitaka kupima hali ya ukumbi huwaomba watu wavume midomo ikiwa imefumbwa, kwanza wanaokubali, kisha wanaokataa. Na kwao pingamizi lazima lizingatiwe na lijibiwe kikamilifu, lakini si lazima mwenye pingamizi aondoke ameridhika. Mpaka huo unafaa kuazimwa. Kujibu ni wajibu wa kikundi. Kumfurahisha kila mtu hakuwezekani hata nyumbani kwa mtu mwenyewe.

Kikundi chetu kikifikishwa hapo, njia nyingine huanza kuonekana. Mtu anakumbusha kwamba omena hupata maji ufuoni zaidi kuliko njiani, kwa sababu inaanikwa chini kwenye nyavu, na mvua ikija ghafla hawawahi kuikusanya. Vichanja vya waya vilivyoinuliwa huikausha haraka na bila mchanga, na turubai hutupwa juu yake mara moja. Tuseme kichanja ni sh 7,000. 12 ni 84,000, hakuna mkopo. Na usafiri? Mkataba wa mwezi na mwenye tuktuk mmoja badala ya kutafuta kila asubuhi. Suala la kununua lirudi Novemba, wakiwa na hesabu ya miezi mitatu tangu ziwa lifunguliwe.

7. Pimeni kwa vidole

Msimamizi alisome pendekezo lilivyo sasa, neno kwa neno, kisha kila mtu aonyeshe mkono kwa wakati mmoja baada ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Kwa wakati mmoja, ili mtu asiangalie mkono wa mkubwa wake.

Vidole vitano: naunga mkono na nitafanya kazi. Vitatu: nina wasiwasi kidogo, lakini twende. Kimoja: sipendi, ila nasimama kando, sitazuia wala sitahujumu. Ngumi: nazuia, nina sababu, na niko tayari kuisema.

Usitangaze "naona tumekubaliana, au vipi?" ukisubiri atakayepinga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo huja siku ya kulipa.

Vidole vitatu vikiwa vingi kuliko vitano, pendekezo limepita lakini halina mwenyewe, na litalala. Ulizeni nani atalisukuma kabla ya kufunga jambo. Waliosimama kando wakifika theluthi, chukulieni kwamba hamjaafikiana. Rudini hatua ya nyuma. Ngumi moja inasimamisha kila kitu mpaka mwenye ngumi asikilizwe, na kama muda umeisha, jambo linaenda mkutano wa pili. Kuzuia kuwe na gharama yake pia: mwenye ngumi aingie kwenye kamati ndogo ya watu watatu itakayoleta pendekezo jipya. Anayejua kwamba kuzuia kutampa kazi huzuia kwa sababu ya kweli.

8. Andikeni papo hapo, msome, ndipo mtawanyike

Waumini wa dhehebu la Kikristo la Quaker, ambao wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambao leo ni wengi Kenya kuliko katika nchi nyingine yoyote, wana desturi ya karne nyingi ya kuendesha mikutano ya shughuli bila kura. Karani husikiliza mpaka aone mkutano umeelekea wapi, huandika uamuzi hapohapo, huusoma, na wote huukubali au huusahihisha kabla ya kwenda kwenye jambo linalofuata. Huna haja ya kuwa muumini wao ili kuiga hilo. Kumbukumbu za mkutano zinazoandikwa nyumbani siku tatu baadaye ni kumbukumbu za katibu tu.

Kwa kikundi chetu ingesomeka hivi:

"Tumeafikiana kununua vichanja 12 kwa sh zisizozidi 84,000 kutoka akiba. Mweka hazina na wanachama wawili waliochaguliwa leo watanunua kabla ya tarehe 15 Agosti na kuleta risiti. Tutafanya mkataba wa mwezi na mwenye tuktuk mmoja. Katibu ataleta bei za watu watatu. Suala la kununua tuktuk litarudi Novemba. Sababu: omena hulowa zaidi ufuoni kuliko njiani, na mkopo ungelipwa hata miezi ya kufungwa. Mwanachama mmoja amesimama kando. Anaona tungenunua tuktuk sasa kabla bei haijapanda."

Sababu iandikwe, maana ikifika Novemba watu watakumbuka uamuzi na kusahau ulitokana na nini. Aliyesimama kando aandikwe kwa heshima bila kebehi, na kama bei itapanda kweli, awe na haki ya kusema niliwaambia, mara moja. Wote watie sahihi kwenye daftari, picha ya ukurasa iende WhatsApp usiku huohuo. Benki nayo huomba nakala ya kumbukumbu kikundi kinapobadilisha watia sahihi au kuomba mkopo, kwa hiyo uandishi mzuri unawaokoa safari.

9. Kikundi kikiwa kikubwa, au soko likiwa halingoji

Watu 60 hawawezi kuafikiana ndani ya ukumbi mmoja. Wataafikiana watano wanaojua kuongea. Wakulima wa kikundi kikubwa upande wa Molo au Elburgon wagawane kwa vijiji, kila kundi la watu saba au wanane lijadili ukurasa uleule na kutuma mjumbe mmoja. Wajumbe wakibadilisha pendekezo lazima lirudi vijijini kabla ya kupitishwa. Inachukua wiki mbili zaidi. Kwa kanuni kama ile ya lumbesa, wiki mbili ni bei nafuu.

Bei ya siku ni jambo jingine. Dalali akisimama shambani na lori, hamwezi kumwambia asubiri duara na chai. Afikianeni mapema juu ya mipaka: bei ya chini kabisa kwa gunia la kilo 50, anayelipa papo hapo na anayekopeshwa, na watu watatu wenye mamlaka ya kusema ndiyo ndani ya mipaka hiyo. Wakivuka, wanajibu. Wakiwa ndani yake, hakuna wa kuwalaumu hata kama kesho yake bei imepanda kwa mia tano.

10. Wasiokuja, na wapya

Aliyepata taarifa wiki moja kabla, akafikiwa na wazungukaji, na hakuja wala kutuma neno, anafungwa na uamuzi. Liandikeni hilo kwenye katiba. Aliye mgonjwa au msibani atume vidole vyake kwa sauti ya simu au kwa mtu anayemwamini, baada ya kusikia pendekezo la mwisho, si lile la kwanza.

Mwanachama mpya asomewe maamuzi ya mwaka mzima kutoka kwenye daftari kabla ya kulipa ada ya kuingia, pamoja na madeni yanayoendelea na sehemu yake itakuwa ngapi. Aulize anachotaka. Akiona kuna lisilombebeka, arudishiwe fomu yake wakati pesa yake bado iko mfukoni.